Makombe ya Mama na Utani wa Wifi

Wifi yangu simpendi, na sitaki msomaji apoteze muda akidhani nitakuja kumpenda huko mbele. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Ana mashine ya kusaga na kuchanganya chakula cha kuku pale Mlali, ana lori, ana sauti, na kwa miaka mingi nilimvumilia kama mtu anavyovumilia jino bovu, kwa kutafunia upande wa pili. Kilichonimaliza uvumilivu ni makombe.

Makombe ninayoyasema ni magamba matupu ya chaza. Mimi nimezaliwa pwani, kwenye kijiji cha mikokoni, na mama yangu ameishi kwa chaza tangu akiwa msichana. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, anashuka na wenzake kwenye tope, wanabandua chaza kwenye mizizi ya mikoko na kwenye mawe, wanawachemsha, nyama inauzwa, makombe yanatupwa. Vizazi na vizazi vilitupa makombe yao kando ya njia ile ile, hata pakawa na kilima kilichompita mtu mzima kwa urefu. Utoto wetu wote tulikatwa miguu na kilima hicho. Hakuna aliyewahi kukiita mali, mpaka wifi alipokuja kwenye harusi yangu.

Hapa lazima nieleze habari ya utani, kwa sababu bila utani kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Mume wangu na dada yake ni Waluguru, na Waluguru wana watani wengi, sisi wa pwani yetu tukiwemo. Mtani anakutukana mbele za watu na wewe huruhusiwi kununa. Anachukua kitu chako na huruhusiwi kumwita mwizi, unakikomboa kwa fidia mtakayokubaliana. Msibani ndiko anakotegemewa hasa, maana wakati wenye msiba wamelegea kwa kilio, yeye anaingia na vituko vyake, anavaa nguo za marehemu, anaiga kikohozi chake, anadai ugali kabla ya wafiwa, na watu wanajikuta wanacheka na machozi bado yako mashavuni. Nimeona watani wakiokoa misiba iliyokuwa inaelekea kwenye ngumi.

Basi mama yangu na wifi walipendana siku ile ile ya kwanza, yaani walitukanana. Wifi aliteremka garini, akamtazama mama juu mpaka chini, akasema, "Kumbe huyu ndiye mkwe wetu? Mbona ananuka chaza mpaka kwenye kope?" Mama hakupepesa. "Afadhali ninukie chaza kuliko kuteremka mlimani na gauni moja, la shambani hilo hilo na la harusini hilo hilo." Uwanja mzima ulicheka. Wakakumbatiana, na tangu hapo simu zao zilikuwa hazikatiki. Wifi akipiga anaanza, "Wewe mlamba chumvi, bado hujafa tu?" Mama anajibu, "Nikifa nani atakufundisha kuoga?" Nilikuwa nasikiliza na wivu unanichoma. Mimi binti wa kumzaa sikuwahi kucheka na mama yangu namna ile.

Siku ya pili ya harusi wifi aliuona ule mlima wa makombe. Akaokota moja, akaliuma kwa meno ya pembeni, akalitema, akasema, "Nyie watu mnalala juu ya mali mnalia njaa." Kuku wa mayai wanahitaji chokaa, la sivyo wanataga mayai yenye ganda laini yanayopasuka kabla hayajafika sokoni. Makombe yakisagwa ndiyo chokaa yenyewe, na Morogoro imejaa wafugaji wa kuku kila uchochoro. Mwezi haukuisha, lori lake likaja. Likaja tena. Wanakijiji walifurahi, mama naye alifurahi, njia ya mikokoni ikawa safi na vijana wakapata vibarua vya kupakia. Sina neno na safari zile za mwanzo. Kilima kilikuwa taka, na taka ikapata mnunuzi.

Lakini miaka ikaenda, na mama akaanza kuniambia mambo kwenye simu. Chaza wamekuwa wachache. Chaza wachanga, wale wadogo wanaotakiwa kujishika kwenye kitu kigumu ndipo wakue, hawaonekani. Hata wakubwa, makombe yao yamekuwa membamba, ukiyabana kwa vidole yanavunjika. Wenzake walisema ni mkono wa mtu. Mmoja alitaka waende kwa mganga.

Mimi nafundisha kemia kwenye sekondari moja mjini Morogoro, kwa hiyo sikuhitaji mganga. Moshi wote huu tunaoutoa, wa magari, wa viwanda, wa misitu inayochomwa, sehemu yake si ndogo inaishia baharini. Bahari inaumeza, na kwa kuumeza maji yake yanazidi kuwa na tindikali. Si kwamba maji yamekuwa siki, ukiyaonja ni yale yale ya chumvi. Ni badiliko dogo, ila kwa kiumbe anayejenga nyumba yake kwa chokaa, dogo hilo linatosha, kwa sababu tindikali inakula chokaa. Chaza mkubwa anahangaika. Chaza mchanga anashindwa kabisa kuanza. Nilimweleza mama hivyo, akauliza ni nani aliyeuwasha huo moshi. Nikamwambia ni watu wengi, wengi wao hawajui hata kama yeye yupo. Akasema, "Sawa. Wenye moshi siwafikii. Nieleze ninachoweza kufikia."

Jibu alilipata kwenye semina, na semina hiyo ilinipandisha hasira ambayo mpaka leo haijashuka vizuri. Ilikuwa semina ya bahari, ikafanyika Morogoro. Narudia ili nisionekane nimekosea: semina ya kuokoa bahari na watu wa pwani ilifanyika chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo ukitaka kuona maji ya chumvi lazima ulie. Sababu anaijua kila mfanyakazi wa nchi hii. Mkutano ukifanyika pale pale kwenye ofisi yako, huna posho ya safari. Kwa hiyo wakubwa wa Dar wakapanda magari yao, wakalipita jua la Chalinze, wakaja kulala hotelini kwetu, na wanawake wa tope wakasafirishwa siku nzima waje kuambiwa habari za tope lao. Ukumbini palikuwa na bango lenye picha ya samaki wa rangi ambaye mama alisema hajawahi kumuona. Alipewa kofia, mfuko, na chupa ya maji, na akaitwa "mdau".

Alilala kwangu Mafiga siku zile, na jioni ananisimulia. Kati ya maneno mengi, moja lilikuwa na maana. Mtaalamu mmoja kijana aliwaambia waache kutupa makombe nchi kavu, wayarudishe kwenye tope. Kwanza, chaza wachanga watapata pa kujishika. Pili, makombe yenyewe ni chokaa, yanayeyuka polepole ndani ya tope na kupunguza ile tindikali pale yalipo. Hayataiponya bahari, ila yatawapa watoto wa chaza nafasi ya kuanza. Mama alilipenda wazo lile kwa sababu lilikuwa kazi, na kazi anaijua. Aliporudi aliwakusanya wenzake, wakakubaliana kwamba kila mmoja atunze makombe ya nyumbani kwake mpaka yatoshe, kisha wayamwage kwenye tope wakati wa bamvua.

Tatizo lilikuwa lori. Kila mara lilipopita, vijana walizoa makombe popote yalipo, nyuma ya majiko, kando ya visima, na kumuuzia dereva wa wifi. Wanawake wanakusanya, vijana wanauza. Mama akaniomba niseme na wifi yangu, maana yeye akisema watatukanana tu.

Nikaenda Mlali. Nilibeba chupa ya siki na glasi, ualimu ukiwa umenikaa kichwani. Nilimkuta wifi uwanjani kwake, vumbi la pumba limemjaa hadi nyusi, anamfokea mteja aliyerudisha kiroba. Nilisubiri amalize. Nikatumbukiza kombe kwenye siki mbele yake, likaanza kutoa mapovu.

"Unaona, dada? Tindikali inakula chokaa. Ndiyo yanayowapata chaza wa mama."

Akainama, akatazama mapovu kwa makini kabisa, nikadhani ameelewa. "Kwani bahari yenu imekuwa siki?"

"Haijawa siki, lakini..."

"Basi hiyo siki katie kwenye kachumbari. Mimi kuku wangu wanasubiri."

Nikamweleza yote, la moshi, la chaza wachanga, la makombe kurudishwa. Na wifi si mjinga, hilo ndilo linalonichukiza. Anajua chokaa kuliko mimi. Wakulima wa mlimani ambao udongo wao umechacha kwa tindikali wanakuja kununua chokaa kwake, yeye mwenyewe anawaambia wamwage kiasi gani, na mahindi yao yanainuka. Alielewa kwamba mama anataka kufanya kwenye tope kile kile wanachofanya wao shambani. Ila tope lile halikuwa shamba lake.

"Bahari ni kubwa, mke wa mdogo wangu," aliniambia. "Haiwezi kuishiwa makombe kwa sababu ya lori moja. Na nisipochukua mimi atachukua mwingine. Hapa kuna watu wanne wanasubiri nianguke. Huyo mwingine atakuwa mtani wa mama yako? Atampigia simu kumjulia hali?"

Nilimwambia mume wangu. Akasema hayo ni mambo yenu wanawake, akaongeza sauti ya taarifa ya habari. Nilitamani nimtie yeye kwenye glasi ya siki.

Kisha mjomba wa mume wangu akafariki. Kwa Waluguru mjomba ndiye mzizi wa nyumba, kwa hiyo msiba ulikuwa mkubwa, pale pale Mlali, watu walishuka kutoka milimani kwa makundi. Mama alipanda basi bila kuulizwa. Mtani haalikwi msibani, anajileta. Njiani aliniambia kwa simu, "Safari hii nina kazi mbili," nami nilielewa, moyo ukanidunda kwa furaha mbaya.

Mazishi yalipokwisha, mama alianza. Alivaa koti la marehemu, akashika bakora yake, akapita katikati ya wanaume akiwafokea kwa sauti ya marehemu kwamba wanakula sana na hawalimi. Mjane wa marehemu alicheka mpaka akashika mbavu, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameinua uso tangu asubuhi. Kisha mama akaliendea lori la wifi, lililokuwa limeleta viti na maturubai. Akapanda mbele, akakaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango. Akatoa kichwa dirishani na kutangaza kwamba gari hilo sasa ni lake na hateremki mpaka likombolewe.

Watu wakalizunguka lori wakishangilia. Wifi akaja na noti, mama akairudisha akisema hiyo akanunulie sabuni. Wifi akaleta jogoo, mama akamshika jogoo, akamnong'oneza sikioni, akasema jogoo amekataa. Watu hoi. Ndipo mama akasema kwa sauti kubwa, bado na bakora mkononi, "Fidia yangu ni moja. Lori hili lisikanyage tena kijijini kwangu. Makombe yangu niachie yakalale kwenye tope, watoto wa chaza wapate pa kukaa. Wewe mla mihogo wa mlimani umekula mlima wako umemaliza, sasa umeteremka kula bahari!"

Kicheko kilikuwa kikubwa mno. Wifi alijitupa chini kwenye vumbi, kifudifudi, mikono mbele, akasema, "Nimekubali, mtani! Naapa kwa huyu tuliyemzika sasa hivi! Chukua makombe yako, chukua na tope lako, niachie gari langu nirudishe viti vya watu!" Mama akateremka. Wakashikana mikono mbele ya wazee, mbele ya shehe, mbele ya ukoo mzima. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria la wali mikononi, nalia, na sikulia kwa ajili ya mjomba.

Tuliamini. Mama aliamini kwa sababu wifi aliapa mbele ya mashahidi, juu ya kaburi bichi. Mimi niliamini kwa sababu nilitaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mahali pale ambapo mtu anaruhusiwa kusema chochote ndipo pabaya kuliko pote kwa kusema jambo la kweli.

Mama alirudi kijijini na habari, na wanawake wakaacha kuficha makombe majumbani. Wakayaleta yote mahali pamoja, pwani kabisa pale njia inapoingia kwenye mikoko, ili bamvua ikifika wayamwage bila kuhangaika kubeba. Walileta ya misimu yote waliyokuwa wakitunza. Bibi mmoja mgonjwa alileta ya kwake kidogo kidogo kwa bakuli. Mama aliniambia rundo lilikuwa jeupe, linaonekana mpaka msikitini, na jinsi alivyolisema nilijua analipita kila siku kwenda kuliangalia tu.

Siku chache kabla ya bamvua kulikuwa na maziko kijiji cha jirani, wanawake wote wakaenda. Waliporudi hawakukuta kombe. Walikuta alama za matairi. Lori limekuja, vijana wamepakia, na kazi ilikuwa rahisi kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu safari hii mzigo ulikuwa umeshakusanywa.

Mama alinipigia. Hakutukana, hakulia. Alisema tu, "Wifi yako amepita hapa," kisha akaniuliza wanafunzi wangu wamefanyaje mtihani.

Nilitoka shuleni kabla ya kipindi cha mwisho, nikachukua bodaboda mpaka Mlali. Nilipofika mashine ilikuwa inanguruma na unga mweupe unatoka kwenye mfereji wake unaingia kwenye viroba. Nikaingiza mkono. Ulikuwa bado wa moto. Sijui niseme nini juu ya hasira niliyokuwa nayo, isipokuwa kwamba nilimuita dada mkubwa wa mume wangu kwa jina lake tupu, mbele ya wateja, jambo ambalo sikuwahi kufanya.

"Uliapa!" nilimwambia. "Uliapa juu ya kaburi!"

Akazima mashine. Uso wake ulikuwa na mshangao, na mshangao huo ulikuwa wa kweli, na kwa huo nitamchukia mpaka nife. "Si ulikuwa utani?"

"Mama yangu alikuwa anaomba maisha yake!"

"Mama yako alikaa kwenye gari langu na koti la marehemu, anaongea na jogoo! Mtani anadai, mtani anakombolewa, watu wanacheka, kimekwisha. Ningesimama pale nikasema hapana, ningekuwa mtu gani? Hata angedai mlima mzima ningempa. Nani anashika maneno ya utani akaenda nayo nyumbani?"

"Yeye. Yeye ameshika. Na wanawake wenzake wote."

Alikaa kwenye kiroba. Kwa muda alikuna vumbi kwenye kiganja. Nikadhani sasa ataona aibu. Lakini wifi akiona aibu huwa anapanda juu zaidi. "Kama alikuwa na shida ya kweli angekuja kukaa hapa kama mtu mzima, tukaongea biashara. Wewe ulikuja na siki, yeye alikuja na jogoo. Mimi nilijuaje? Na dereva alikuta mzigo uko njiani, umepangwa vizuri. Alijua wamenirundikia."

"Rudisha."

"Nirudishe nini? Unga?"

Nikamwambia basi asiseme tena kwamba ni mtani wetu. Nikamwambia leo si utani, na nilichokisema baada ya hapo sitakiandika, kwa sababu mwanangu atakuja kusoma haya. Wateja walishika vichwa. Kwa mila zao na zetu, kumwambia mtani neno la hasira huku ukimaanisha ni kama kumtemea mate. Wifi aliniambia kwa sauti ndogo, "Umeua utani wewe." Nikamjibu kwamba mimi nimekuta maiti.

Bamvua ilikuja na kupita. Wanawake walimwaga makombe waliyoweza kupata kwa haraka, hayakufunika hata eneo la chumba. Mtaalamu yule kijana alipigiwa simu, akasema poleni sana, mradi umefungwa, ameshahamishiwa kitengo kingine. Msimu uliofuata mama alishuka kwenye tope na kurudi na ndoo yenye chaza wa kujaza sahani moja. Wenzake wakaanza kukata mikoko kuchoma mkaa, jambo walilokuwa wakiwakataza watoto wao, na mama hakutaka kuona. Alifunga mlango wake akaja Mafiga. Alikuja na begi moja na nyundo ndogo ya kubandulia chaza, akaiweka chini ya kitanda. Sikumuuliza ataitumia wapi.

Wifi alisikia kwamba mama yuko kwangu. Nilimwambia mume wangu asimruhusu kuja. Mume wangu, ambaye mambo ya wanawake hayamhusu, alisema hawezi kumfungia dada yake mlango. Basi Jumapili moja wifi akaja, amevaa vizuri, amebeba trei la mayai na kuku mkubwa aliyefungwa miguu. Mama alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Nilisimama mlangoni nikiwa tayari kwa lolote.

Wifi alisimama pale chini ya ngazi, akashika kiuno, akapaza sauti yake yote. "Ala! Kumbe mlamba chumvi umehamia mjini! Bahari imekutapika?"

Jirani wa upande wa pili alianza kucheka, akisubiri jibu. Mama aliweka ungo pembeni. Akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa wifi.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Karibu ndani. Habari za Mlali? Watoto hawajambo?"

Wifi alicheka kidogo, akatazama huku na huku. "Usinikaribishe kama wewe ndiye uliyejenga. Hiyo nyumba yenyewe ya mdogo wangu. Umeoga lakini?"

"Nimeoga, nashukuru. Pole na jua. Nipokee huo mzigo?"

Akampokea kuku na mayai kwa mikono miwili, kwa heshima yote, akamshukuru, akaniita mimi nije niviweke ndani. Sauti yake ilikuwa laini. Hakukuwa na kinyongo ndani yake cha mtu kukishika. Nilichukua vitu vile kwa hofu, kwa sababu namjua mama, na nilikuwa sijawahi kumwona ana adabu kiasi hicho.

Wifi alipanda ngazi, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Akajaribu tena. Alisema kitu juu ya miguu ya mama, mama akatabasamu kama mtu asiyesikia lugha vizuri. Akasema kitu juu ya wapwani na uvivu, mama akasema ni kweli, kila mahali kuna watu wa kila aina. Jirani aliacha kucheka, akaingia ndani kwake. Tulisikia kuku anapigapiga mbawa jikoni.

"Mama," wifi alisema hatimaye. "Nitukane basi."

Mama alimtazama kwa huruma kabisa. "Nikutukane kwa lipi, mwanangu? Hatujuani kiasi hicho."

Wifi aliteremka kwenye kiti, akapiga goti sakafuni, dada mkubwa, mwenye lori na mashine, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mama." Katika miaka yote ile hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba," mama aliitika, kisha akamuuliza kama chai anakunywa na sukari.